Kona ya Bustani: Usipike jani usilolijua ua lake

Mvua imerudi, udongo umelegea, na kila mlango ninaopita naona mtu ameinama na jembe, au na kijiko kilichovunjika mpini. Inafurahisha.

Mwezi huu tunaongea juu ya mboga moja tu: mnavu. Wanyarwanda wanaiita isogo. Kwetu upande wa Bukavu wengi tunasema mulunda. Nitaeleza namna ya kuipanda kutoka mbegu, namna ya kutunza mbegu yako mwenyewe, na zaidi ya yote namna ya kuitambua tangu ikiwa na majani mawili. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nishike kalamu, kwani kidogo tu liondoe mtoto wa jirani yangu.

SIKU ILE MAJANI YALITOKA KWANGU

Wengine mnaijua habari hii, wengine hamuijui. Nilipovuka hapa Rusizi ya Pili sikuwa na vitu vingi. Nilikuwa na watoto, sufuria moja, na mbegu za mulunda nimezifunga kwenye pembe ya kitenge, kama mama yangu alivyofanya kila alipohama. Nilipopata pa kulala, nikatafuta pa kupanda. Nikapata kipande cha hatua tano kwa tatu, mahali ambapo zamani watu walikuwa wanatupa takataka. Udongo ulikuwa mweusi, mzuri kabisa. Nikarusha mbegu kwa mkono, ovyo ovyo, kama mtu anayelisha kuku.

Zikaota kweli kweli. Baada ya wiki chache kitanda chote kilikuwa kijani. Nikachuma upande wa karibu na mlango, nikapika, tukala na bukari, hatukupata neno. Jirani yangu akaona, akaniomba. Nikamwambia, "Ingia, kata unayotaka." Yeye akakata upande wa mwisho, pale majani yalikuwa makubwa na laini.

Usiku uleule nikasikia anapiga hodi kwa nguvu. "Dada, kuja mbio! Mutoto iko nasema na watu hatuone."

Nilimkuta kijana wake wa miaka mitano ngozi moto na kavu, mdomo umekauka, mboni za macho zimefunguka kama za paka gizani. Alikuwa anashikashika vitu hewani ambavyo havipo. Mama yake mwenyewe alikuwa anaona ukungu na moyo unamwenda mbio. Tukawabeba mpaka kituo cha afya. Muuguzi akauliza, "Wamekula nini?" Nikajibu, "Mulunda." Akasema, "Leta nione."

Nikarudi na tochi, nikang'oa mmea mmoja palepale alipokatia. Muuguzi akasugua jani kwa vidole, akanipa ninuse. Harufu nzito, mbaya. Akasema, "Mama, hii si isogo. Hii ni rwiziringa."

Walilala kituoni siku mbili, wakapona. Jirani hakunitukana. Lakini miezi mingi ilipita hajaniomba tena mboga, nami sikuwa na neno la kumwambia. Majani yalitoka kwangu.

MGENI AMBAYE HAKUNA ALIYEMPANDA

Rwiziringa, ambayo Waswahili wa pwani huiita mnanaha na wataalamu wa mimea huiita Datura stramonium, ni ya ukoo mmoja na mnavu. Ukoo huo ni mkubwa: nyanya, viazi vya mviringo, biringanya, pilipili, hata tumbaku imo. Ndiyo maana zikiwa changa zinafanana, kama watoto wa baba mmoja.

Sikupanda rwiziringa. Ilikuwa pale kabla yangu. Inapenda sana mahali pa takataka na samadi, tunda lake moja lina mamia ya mbegu, na mbegu hizo zinaweza kulala udongoni miaka mingi zikisubiri mtu afukue na kumwagilia. Mimi nilifukua, nikamwagilia.

Na msidhani ni kosa la watu wa kambini tu wasio na elimu. Mwaka 2019, kule Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, unga wa lishe uliogawiwa kwa akina mama na watoto ulileta ugonjwa kama ule niliouona mimi. Karibu watu 300 waliugua na watano walifariki. Uchunguzi ulikuta ndani ya unga sumu za aina ileile iliyomo katika mnanaha. Unga ule ulikuwa umepita mikononi mwa watu wenye mashine na vipimo, na bado sumu ikaingia. Mimi na wewe tuna macho na pua tu. Basi tuvitumie vizuri.

KUTAMBUA, NGAZI KWA NGAZI

Nimejifunza kwamba mmea unajitambulisha mara tano. Ukikosa mara moja, subiri ya pili.

Kwanza, mbegu. Mbegu ya mnavu ni ndogo sana, bapa, rangi ya krimu. Gramu moja tu ina punje elfu moja hivi. Mbegu ya rwiziringa ni kubwa zaidi, ya kahawia au nyeusi, ina umbo la figo, na ukiitazama karibu ngozi yake ina mabonde mabonde. Ukinunua mbegu sokoni au ukipewa zawadi, zimwage kwenye sahani nyeupe kabla ya kuzipeleka shambani. Punje nyeusi za umbo la figo ziondoe zote. Usichanganye na mbegu za lengalenga: hizo pia ni nyeusi, lakini ni za mviringo, ndogo mno, na zinang'aa.

Pili, majani mawili ya kwanza. Haya si majani ya kweli, ni yale yanayotoka na mbegu. Kwa mnavu ni mafupi, umbo la yai lenye ncha. Kwa rwiziringa ni marefu na membamba, kama mkuki. Hapa ndipo mahali rahisi kuliko pote pa kuwatenganisha, na ndipo watu wengi hawaangalii, kwa sababu siku hizo bado hakuna cha kuchuma.

Tatu, majani ya kweli na harufu. Hapa ndipo jani linadanganya. Rwiziringa changa ina jani laini lisilo na meno bado, linapendeza kuliko mnavu wenyewe. Baadaye linakuwa kubwa lenye meno makali pembeni. Sugua jani, nusa: rwiziringa inanuka vibaya. Ukishasugua, nawa mikono na usijiguse machoni, maana utomvu wake ukiingia jichoni mboni inafunguka na unaona vibaya.

Nne, ua. Hapa hakuna tena ubishi. Ua la mnavu ni dogo kama kifungo cha shati, lina ncha tano kama nyota, jeupe au lenye zambarau kidogo, na katikati kuna kidomo cha njano au kahawia. Maua yanakaa kadhaa pamoja. Ua la rwiziringa ni refu kama tarumbeta, linakaa peke yake, linasimama kuelekea juu.

Tano, tunda. La mnavu ni la mviringo, laini, lenye maji. La rwiziringa ni gumu na limejaa miiba, likikauka linapasuka vipande vinne.

Neno la pembeni kwa wageni wa Kinyarwanda: isogo na isogi si kitu kimoja. Isogi ni ile mboga ambayo Waswahili huiita mgagani, jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono. Nayo ni nzuri, lakini ni ya siku nyingine.

MNAVU WENYEWE SI MMOJA

Mnaniuliza kila mara: kwa nini mulunda wa fulani ni mtamu na wa fulani ni mchungu, na wote walipata mbegu "za mulunda"? Jibu ni kwamba jina ni moja lakini mimea ni mingi. Zamani hata vitabu viliiweka yote chini ya jina moja, Solanum nigrum. Leo wataalamu wanaitenganisha. Katika nchi zetu hizi utakutana zaidi na aina hizi tatu, na zote majani yake hupikwa.

Wa kwanza ni mnavu wa majani mapana, Solanum scabrum. Jani linaweza kujaa kiganja. Shina lina mistari iliyoinuka, mara nyingi yenye vijimeno. Matunda yake ni makubwa kuliko ya wenzake, yanaiva rangi ya zambarau iliyokolea karibu na nyeusi, na hayaanguki haraka yakiiva. Huu ndio unaolimwa sana kwa biashara, kwa sababu jani moja tu linaonekana kwenye sufuria.

Wa pili ni mnavu wa matunda ya rangi ya chungwa, Solanum villosum. Jani ni dogo zaidi. Matunda yakiiva yanakuwa ya njano, chungwa au mekundu, na watoto wanayapenda. Yakiiva yanaanguka chini, kwa hiyo ukichelewa kuvuna mbegu, ardhi inavuna kabla yako.

Wa tatu ni mnavu wa porini wenye matunda madogo meusi yanayong'aa, Solanum americanum. Vikonyo vya matunda vinatoka mahali pamoja, kama vijiti vya mwavuli. Jani ni jembamba na dogo. Huota wenyewe kwenye migomba na kando ya njia.

Sasa angalieni: nimetaja matunda kila mara. Si bure. Miche ya aina hizi tatu ikiwa na majani manne, hata mimi niliyezeeka nayo sitaapa kwamba ninaijua.

HATA WATAALAMU WANASUBIRI UA

Jambo hili si la mnavu peke yake. Kuna ua liitwalo siklameni, asili yake ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania kama Uturuki, Ugiriki na Lebanoni. Ulaya watu wanalipenda sana na wako wanaolipanda kutoka mbegu, aina nyingi tofauti. Jani lake lina madoa ya rangi ya fedha, lakini madoa hayo yanadanganya: mbegu za tunda moja zinaweza kutoa miche ambayo kila mmoja una jani lake. Basi mpandaji anaandika jina kwenye kibao, anamwagilia, anasubiri mwaka mmoja na nusu, mara nyingine mitatu, mpaka ua litoke ndipo ajue kama alichoandika ni kweli.

Na siklameni ina habari ya huku kwetu Afrika. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa mimea, Mats Thulin wa Uswidi na Ahmed Mumin Warfa wa Somalia, waliikuta kwenye milima ya kaskazini-mashariki ya Somalia, mbali mno na ndugu zake wote wa Mediterania. Mwaka 1989 ikatangazwa kuwa aina mpya na kupewa jina Cyclamen somalense. Watu wa milima ile walikuwa wanapita karibu nayo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuitazama mpaka mwisho.

Wao wanasubiri miaka mitatu kwa ajili ya ua la kupendeza. Sisi tunaambiwa tusubiri wiki chache tu kwa ajili ya sufuria ya watoto. Si nyingi.

KUPANDA, HATUA KWA HATUA

1. Tengeneza kitalu kidogo, hata cha hatua moja kwa moja. Ponda udongo mpaka uwe laini, changanya na samadi iliyooza vizuri. Kama huna ardhi, gunia linatosha, au bidoni lililokatwa na kutobolewa chini.

2. Kabla ya kupanda, mwagilia kitalu kitupu siku saba hadi kumi. Kila kitakachoota hapo si chako. King'oe chote. Hatua hii peke yake ingemwokoa mtoto wa jirani yangu.

3. Chukua mbegu kidogo kwa ncha za vidole, changanya na mchanga mkavu mikono miwili, ili zisianguke zote mahali pamoja.

4. Chora mistari kwa kijiti, umbali wa kiganja kimoja kutoka mstari hadi mstari. Panda ndani ya mstari, funika kwa udongo kidogo sana, nusu sentimita. Usirushe kama nilivyorusha mimi! Mstari ni polisi wako: kinachoota nje ya mstari ni mgeni, king'oe bila kuuliza jina lake.

5. Funika kwa nyasi kavu chache. Mwagilia asubuhi na jioni kwa kopo la mafuta lililotobolewa matundu madogo. Baada ya siku tano hadi kumi utaona vichwa vinatoka. Ondoa nyasi siku hiyohiyo.

6. Sasa piga magoti, tazama majani mawili ya kwanza, mche kwa mche. Umbo la yai unabaki. Mkuki unatoka.

7. Miche ikiwa na majani matano au sita, kama wiki nne au tano, ihamishe jioni au siku ya mawingu. Acha urefu wa rula moja ya shule, sentimita 30, kati ya mche na mche. Kwenye gunia unaweza kuibana kidogo.

8. Usipande mahali ulipotoa viazi au nyanya. Ni ndugu, na ugonjwa wa mmoja unamrithi mwingine. Vidukari vikija chini ya majani, osha kwa maji yenye sabuni kidogo.

9. Mmea ukifika urefu wa kiganja na nusu, kata ncha. Hiyo ndiyo siri ya kupata matawi mengi. Baada ya hapo unakata machipukizi kila wiki au siku kumi.

Wa Bugarama, kule chini kwenye joto, mvuke hukausha haraka: ongezeni nyasi chini ya mimea na mwagilieni zaidi. Sisi wa huku juu karibu na ziwa, shida yetu ni maji kutuama. Inua tuta.

SHAHIDI WA SHAMBA

Hii ndiyo sheria ya nyumba yangu tangu siku ile, na ndiyo naomba mwondoke nayo mkisahau mengine yote.

Kila mara nikipanda mbegu mpya, iwe nimenunua, iwe nimepewa na mtu ninayemwamini, naacha mimea miwili au mitatu nisiyoichuma kabisa. Naifunga uzi mwekundu. Hiyo ni mashahidi. Mimea mingine nakata ncha ili isitoe maua mapema, lakini shahidi namwacha atoe ua na tunda. Mpaka shahidi aseme, mbegu ile haitoki nyumbani kwangu kwenda kwa mtu, na majani siyagawi.

Lakini mjue pia mpaka wa shahidi. Shahidi anasema juu ya mbegu uliyopanda. Hasemi juu ya kilicholala udongoni tangu zamani. Kwa hilo kuna mistari na kuna macho yako. Ndiyo maana mgeni haingii kukata mwenyewe tena kwangu. Nakata mimi, tawi kwa tawi.

KUTUNZA MBEGU YAKO

Kutoka kwa shahidi wako chukua matunda yaliyoiva kabisa, ya mmea wenye afya. Yaponde kwa mkono ndani ya kopo, weka maji, acha siku moja au mbili. Yatachacha kidogo, usiogope. Kisha osha, mwaga maji na nyama inayoelea, ongeza maji, osha tena, mara nne, mara tano, mpaka maji yawe meupe. Mbegu nzuri zinabaki chini.

Wengi wanashindwa hapa. Wanaponda tunda, wanakausha na utamu wake wote, halafu wanasema "mbegu imekufa." Haijafa. Ule utamu unaoizunguka unazuia isiote. Osha!

Kausha kivulini juu ya kitambaa siku kadhaa, si juani kwenye bati. Funga kwenye karatasi, weka ndani ya chupa kavu yenye kipande cha makala kavu, ziba. Andika: aina gani, rangi ya tunda, mwezi na mwaka. Usiandike "mulunda" tu. Andika "mulunda, tunda la chungwa."

Na habari njema: mnavu kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe. Hata kama jirani amepanda aina nyingine hatua mbili kutoka kwako, mtoto atafanana na mama yake. Kwa sisi tusio na eneo, hiyo ni zawadi. Chupa moja ya dawa inaweza kubeba shamba lote la familia, mkiitwa kuhama au kurudi nyumbani.

MASWALI YENU

Mwanangu anasoma shule, ameniambia kitabu cha Kifaransa kinasema mnavu ni sumu. Tuache kula?

Msiache. Ulaya kuna mmea mwingine wa ukoo huu, belladone, ambao ni sumu kali kweli, nao asili yake si huku. Watu wa kule walizoea kuogopa ukoo mzima. Lakini kitabu hakijasema uongo wote: matunda mabichi ya kijani ya mnavu yana sumu, msiwape watoto. Majani huliwa yamepikwa, Kenya, Tanzania, mpaka Kameruni. Yakiwa machungu sana, chemsha, mwaga maji ya kwanza, ndipo uyapike tena.

Nikipika rwiziringa muda mrefu, sumu haitoki?

Haitoki. Kupika hakuiondoi. Usijaribu.

Mtu akishakula, nifanye nini kabla ya kufika kituo cha afya?

Usipoteze muda na maziwa wala mafuta, usimlazimishe kutapika. Mshike asianguke, maana anaona visivyokuwepo na anaweza kukimbilia motoni au barabarani. Mpeleke mara moja, hata kama ni usiku, na ubebe mmea wenyewe. Mimi nilichelewesha matibabu kwa kurudi kuutafuta.

Mnavu unatoa nguvu gani kwa mtoto?

Una chuma kwa ajili ya damu na unasaidia macho. Tia mafuta kidogo ya mgao wakati wa kupika, kwani bila mafuta mwili hauchukui vizuri ile sehemu ya macho. Ukiweka na sambaza, mtoto atalamba sahani.

KABLA HATUJAAGANA

Wiki iliyopita jirani yangu yuleyule alisimama mlangoni. Yule kijana wake sasa ni mrefu kuliko mimi, alikuwa nyuma yake na jembe begani. Nikadhani amekuja kuomba mboga, nikachukua kisu. Akatikisa kichwa. Akafungua kiganja, nikaona kitambaa kitupu.

"Dada," akasema, "leo sitaki majani. Nipe mbegu, na unionyeshe mutoto namna ya kuiangalia."

Nikamwaga mbegu kwenye sahani nyeupe, tukainama wote watatu.

Haya, wapendwa. Pandeni kwa mistari, fungeni uzi mwekundu, na mwezi ujao tutaongea juu ya lengalenga na wale wadudu wanaoitoboa. Mwenye swali alipeleke kwa kiongozi wa bloku yake, litanifikia. Mvua njema kwenu nyote.